Treni ya Bendera Mezani: Maandalizi ya Madaraka na Jamhuri Hapa Malindi

Malindi haina reli. Anayetaka kuona treni huteremka Mombasa mpaka stesheni ya Miritini, safari ya zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo meza ya treni za mfano ikitandazwa ukumbini siku ya sikukuu ya taifa, watoto wengi watakaoizunguka hawajawahi kuona treni kwa macho. Hii ya mezani ndiyo treni yao ya kwanza. Bendera iliyo ubavuni mwake nayo wataikagua kwa karibu kuliko ile inayopepea juu mlingotini. Mambo mawili basi hayana msamaha: treni isikwame, na bendera isikosewe. Milima ya karatasi, taa na minazi ya plastiki ni mapambo tu, yaje baada ya hayo.

Katiba ya 2010 inataja sikukuu tatu za taifa: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba na Jamhuri tarehe 12 Desemba. Kwa mtu wa treni, Madaraka ina uzito wake wa pekee, maana treni ya abiria ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, mkesha wa sikukuu hiyo, ikapewa jina Madaraka Express. Lakini Madaraka hutuangukia katikati ya masika, kusi linavuma na Mei ndiyo kwanza imemwaga mvua nyingi kuliko miezi yote. Jamhuri huja na kaskazi, joto na jua kali. Anayetayarisha meza ya Juni anapambana na unyevu na chumvi. Wa Desemba anapambana na reli zinazotanuka na gundi inayolainika. Meza ni ile ile, ila maandalizi hayafanani.

Treni ipi iende, ipi isimame

Skeli ya HO, yaani 1:87 (kila kitu kimepunguzwa mara 87), hutumia reli yenye upana wa milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87, upate 1,435.5. Upana wa SGR ni milimita 1,435. Treni ya SGR kwa skeli hii imekaa sawasawa na ukweli, na kwa meza ya ukumbi ndiyo tunayoipendekeza iwe ya kukimbia.

Reli ya zamani ni habari nyingine. Ile ilijengwa kwa upana wa mita moja, na treni yake ya HO ukiipandisha juu ya reli ya milimita 16.5 itaonekana imetanua miguu. Inayokaribia ukweli ni reli ya milimita 45 kwa skeli ya 1:22.5, ambayo inakupa milimita 1,012. Tatizo ni nafasi. Garratt ya daraja la 59, ile injini kubwa ya mvuke ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa skeli hiyo ni mita 1.4, injini peke yake, bila behewa hata moja. Ifanye ya kusimama: mwili wa mbao laini na kadibodi, mapipa ya maji na mafuta mbele na nyuma, rangi ya damu ya mzee, iwekwe kwenye ubao wake kando ya meza kuu. Anayetaka kuiiga vizuri aende Makumbusho ya Reli Nairobi, namba 5918, Mount Gelai, ipo pale, na mtu anaweza kuizunguka na futikamba.

Meza

Plaiwudi moja nzima ya sentimita 122 kwa 244 inatosha. Chukua ya milimita 12. Ile ya 9 ni rahisi kubeba lakini ikipata unyevu wa Mei hubenuka, na reli iliyobenuka huinua gurudumu. Paka rangi pande zote mbili za ubao, na kingo pia. Wengi hupaka juu tu, kisha unyevu unaingia kwa chini, upande mmoja unavimba na mwingine haujavimba, ubao unapinda kama makuti yaliyokauka. Fremu ya mbao za mbili kwa moja chini yake, na mbao za kukatisha kila sentimita 40.

Ukikata ubao vipande viwili ili upakiwe kwenye tuktuk, kiungo cha katikati ndicho kitakachokutesa. Vibao viwili vifungwe kwa bolti mbili za milimita 8 zinazopita kwenye fremu. Reli zinapovuka kiungo, piga skrubu nne za shaba kwenye kingo za ubao, kichwa cha kila skrubu kilingane na kimo cha reli, kisha lehemu mwisho wa kila reli juu ya skrubu yake. Hapo hata ukifungua na kufunga mara nyingi, reli zitakutana mahali pale pale. Reli iliyoshikwa kwa misumari midogo pekee husogea kidogo kila inapobebwa, na kusogea kwa nusu milimita kunatosha kuangusha behewa.

Njia iwe moja, duara refu, bila njia panda. Njia panda ndizo zinazoongoza kwa kuleta shoti na kuangusha magurudumu, na mgeni anayetazama kwa dakika tano hazimwongezei kitu. Kona ziwe na nusu kipenyo cha sentimita 55, ndiyo kubwa inayoingia kwenye ubao huo ukiacha sentimita 6 ukingoni. Njia nzima itakuwa karibu mita 6. Kona zinazokuja ndani ya maboksi ya kuanzia huwa za sentimita 36 hadi 44, na hizo hazifai kwa mabehewa marefu: behewa la mita 25 huwa na milimita 287 kwa skeli hii, na kwenye kona ya sentimita 36 pembe zake hutokeza nje, mabehewa mawili yanakwaruzana na la tatu linaacha reli.

Kati ya vipande vya reli acha mwanya wa nusu milimita kila baada ya mita moja, unene wa kadi ngumu. Hili ni la Desemba zaidi. Reli zilizobanwa asubuhi kukiwa na ubaridi, saa saba mchana jua likiingia dirishani zitajikunja pembeni.

Sasa mchanga. Usichote wa ufuoni. Kwanza una chumvi, na chumvi huvuta unyevu usiku kucha, ukiamka reli zina utando. Pili, mchanga wa pwani yetu hii ya Malindi na Mambrui una chembe nyeusi nzito zenye madini ya chuma na titani, na baadhi yake hunaswa na sumaku. Mota ya injini ina sumaku ndani. Chembe zikipanda huko husaga meno ya gia, na injini huanza kulia, kisha inasita, kisha inasimama. Chochote unachotaka kumwaga juu ya meza, kipitishie kwanza sumaku iliyofungwa ndani ya karatasi. Ikitoka na ndevu nyeusi, tafuta kingine. Kwa kokoto za reli tumia vumbi la mawe lililochungwa kwa kichungi cha chai, maana jiwe la sentimita 5 kwa skeli ya 1:87 ni kama nusu milimita tu. Kwa ardhi ya Tsavo, udongo mwekundu uliokaushwa na kuchungwa hivyo hivyo unapendeza kuliko rangi yoyote ya dukani. Umwage, ulowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondoshea gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Uachwe siku mbili. Wakati wa masika, tatu.

Umeme

Treni za HO za kawaida hutumia umeme wa moja kwa moja wa hadi volti 12. Zile chaja zinazokuja na treni za Marekani ni za volti 120, na ukizichomeka kwenye volti 240 zetu zinaungua hapo hapo. Soma kibandiko: kama hakikuandikwa 100 hadi 240, usiichomeke.

Sisi tunapendelea kuacha umeme wa ukutani kabisa. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, ile ndogo ya kengele za ulinzi, pamoja na kidhibiti mwendo cha volti 12 chenye uwezo wa ampea 3, swichi ya kugeuza mwelekeo na fyuzi ya ampea 2 karibu na betri. Injini moja hula karibu nusu ampea ikivuta. Ukitumia nusu tu ya betri, ambayo ndiyo desturi njema kwa betri ya asidi, unapata saa 7 za mwendo. Umeme ukikatika, na siku ya sikukuu hukatika, treni yako inaendelea. Na watoto wakimwaga maji au mvua ikipiga upenuni, mezani hakuna volti 240.

Reli peke yake haibebi umeme vizuri kuzunguka mita 6, kwa sababu kila kiungo ni mahali pa chumvi kuingia. Dalili yake ni hii: treni inakwenda vizuri karibu na waya na kuchoka upande wa pili. Pitisha waya mkuu wa jozi, mwekundu na mweusi, wa milimita mraba 1.5 chini ya meza, na kila mita moja panda na vijiwaya vyembamba viwili hadi kwenye reli, ulehemu kwa upande wa nje ili gurudumu lisiguse risasi ya kulehemea. Jozi sita zinatosha. Kabla ya kulehemu sugua mahali pale kwa tupa ndogo. Risasi haishiki kwenye reli iliyoshikwa na chumvi hata uichome namna gani. Kisha pima kwa mita kwamba mwekundu na mweusi havijakutana popote.

Bendera

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Uwiano wa bendera ya Kenya ni 2 kwa 3, na mistari yake kutoka juu ni nyeusi 6, nyeupe 1, nyekundu 6, nyeupe 1, kijani 6. Jumla ni 20. Kwa hiyo kipimo rahisi kuliko vyote kwa treni ya HO ni bendera ya milimita 20 kwa 30: kila sehemu moja ni milimita moja.

Usiipake kwenye behewa la abiria. Madirisha huangukia mstari mwekundu na bendera inabaki na matundu. Usiinyoshe kuufuata urefu wa behewa pia, maana bendera ya urefu mara tisa ya kimo chake si bendera tena. Mahali pake ni kontena. Kontena la futi 40 kwa skeli hii lina urefu wa milimita 140 na kimo cha milimita 30. Lipake lote jeupe, bendera ya 20 kwa 30 ikae katikati, milimita 5 zibaki juu na 5 chini. Makontena mengine ya treni hiyo yawe ya rangi moja moja: jeusi, jekundu, la kijani. Kwa mbali treni nzima inasomeka, na kwa karibu bendera ni sahihi.

Utaratibu wa kupaka: osha plastiki kwa sabuni, ikauke, usiguse tena kwa vidole vitupu. Paka nyeupe mkono mmoja mwembamba, kisha wa pili. Nyeupe ikishakauka siku nzima, kata tepu ya kuzuia rangi kwa wembe mpya na rula ya chuma, vipande vya upana wa milimita 1 sawasawa, ubandike pale mistari myeupe itakapobaki. Halafu, na hii ndiyo siri ya mstari safi, pitisha brashi yenye nyeupe ile ile juu ya kingo za tepu. Kama kuna upenyo, utazibwa na nyeupe, ambayo haionekani. Ndipo upake nyekundu katikati. Ikikauka ifunike, upake kijani chini, na nyeusi mwisho kabisa, kwa kuwa nyeusi ikimwagikia rangi nyingine haifunikiki. Tepu itolewe rangi ikiwa imeshika lakini haijawa ngumu, ukiivuta kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe, taratibu. Ikilala usiku mzima kwenye joto letu huacha gundi.

Rangi ya kupuliza wakati wa masika hufanya ukungu mweupe juu yake, kwa sababu unyevu wa hewa huganda kwenye rangi inayokauka haraka. Puliza adhuhuri siku ya jua, au tumia brashi na rangi ya maji.

Ngao na mikuki usichore kwa mkono kwa kipimo hiki. Chapisha kwenye karatasi ya kibandiko kwa printa ya leza; wino wa printa za kawaida hutiririka kwenye unyevu. Ngao ni nyekundu, nyeusi na nyeupe, mikuki miwili ni myeupe, imepishana nyuma yake, na inavuka mistari yote miwili myeupe mpaka ndani ya nyeusi juu na kijani chini. Ngao ndogo iliyojibana ndani ya nyekundu ni kosa linaloonekana mara nyingi. Lingine ni kontena kupachikwa juu chini, kijani kikawa juu. Weka alama ya kalamu chini ya kila kontena.

Bendera ndogo za vijiti zikiwekwa juu ya injini, pima kwanza kimo chake na daraja au handaki la mezani kwa kipande cha kadibodi. Na gundi ile ya kushika papo hapo isitumike karibu na vioo vya madirisha. Mvuke wake huvifanya vyeupe.

Sketi ya meza iwe kitambaa cha kaniki, isiwe bendera. Bendera haiburuzwi sakafuni. Na kwa wenye maduka: Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa inazuia kutumia bendera na nembo katika biashara bila idhini, kwa hiyo usibandike jina la duka juu ya kontena lenye bendera.

Uzito na mwendo

Behewa jepesi likiwa katikati ya treni huvutwa kuelekea ndani ya kona na kuanguka. Kanuni wanayotumia wachezaji wa HO Marekani ni gramu 28 za mwanzo, pamoja na gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la milimita 287 basi liwe na gramu 190 hivi, na la kontena moja gramu 105. Gundisha washa za chuma chini kabisa ya sakafu ya behewa, juu ya bogi (kile kigari chenye magurudumu), usawa kwa pande zote. Ukiziweka juu kwenye paa, behewa litayumba.

Treni ya abiria ya SGR huenda kasi ya hadi kilomita 120 kwa saa. Kwa skeli ya 1:87 hiyo ni sentimita 38 kwa sekunde, yaani mzunguko wetu wa mita 6 huchukua sekunde 15 au 16. Treni ya mizigo kwa kilomita 80 huchukua sekunde 23. Pima kwa saa ya simu, weka alama kwenye kidhibiti, usiivuke. Watoto watakuomba uongeze. Usikubali, maana ni hapo treni inapogeuka kuwa kichezeo, na ni hapo inapoanguka.

Siku yenyewe

Kimo cha meza kiwe sentimita 75, na ukingo wa plastiki angavu wa sentimita 15 kuzunguka. Mtoto wa miaka sita ataona vizuri na mkono wake hautafika relini kwa urahisi.

Futa reli kabla ya kufungua, kwa kitambaa cha pamba na spiriti ya duka la dawa, kisha kitambaa kikavu, kwa sababu spiriti ya asilimia 70 ina maji. Pamba ya chuma ni mwiko: nywele zake huvutwa na sumaku ya mota kama ule mchanga. Msasa nao huacha mikwaruzo inayoficha uchafu. Magurudumu ya injini husafishwa kwa kulaza kitambaa chenye spiriti juu ya reli, nusu ya magurudumu yakanyage kitambaa na nusu yabaki kwenye reli yakipata umeme. Zungusha, kisha geuza.

Adhana ya adhuhuri ikikaribia, simamisha treni. Mota inapumzika, watu wanakwenda kuswali, na wewe unapata nafasi ya kufuta reli mara ya pili, maana chumvi ya asubuhi imeshajaa. Na wimbo wa taifa ukipigwa, treni isimame kabisa. Usiwaache watu wamesimama wima huku kitu kinazunguka na kulia mbele yao.

Kadi za maelezo ziandikwe kwa Kiswahili kwanza, herufi za kusomeka kwa umbali wa mita moja na nusu, na ziseme mambo kama yalivyokuwa. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata kujitawala kwa mambo ya ndani, Jomo Kenyatta akiwa Waziri Mkuu. Uhuru ulikuja 12 Desemba mwaka huo, na jamhuri 12 Desemba 1964. Kadi nyingi huchanganya hizo tatu. Kwa Malindi inafaa kadi moja zaidi ya Desemba, kwamba mji huu ulikuwa ndani ya ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, uliounganishwa na Kenya mwaka 1963. Wazee watasimama pale kuliko penye treni.

Reli ya zamani nayo isiwekwe mezani kama zawadi ya Mwingereza. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901, na waliobeba mataruma ni wafanyakazi zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao karibu 2,500 kati yao walikufa, pamoja na Waafrika waliofanya kazi nao. Kadi hiyo iwekwe chini ya Garratt, mahali ambapo mtu hawezi kuitazama injini bila kuisoma.

Jioni, kabla ya kufunga, futa kila kitu kwa kitambaa kikavu: reli, magurudumu, hata chini ya mabehewa. Funga kila behewa kwa kipande cha leso kuukuu, si kwa mfuko wa nailoni unaofungia unyevu ndani, na lilazwe kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye gia, lisizidi. Ubao uhifadhiwe umesimama, usiegemezwe ukutani kwa pembe. Betri itolewe, ijazwe, na ichajiwe tena kila mwezi. Ya asidi ikikaa tupu kutoka Juni hadi Desemba haitashika chaji tena.